Serikali inagharimia utafiti wa jotoardhi Mbeya: ajira za mkoa zitatoka wapi?

Mkazi wa Tukuyu

Nawasalimu wote. Naomba mchango wa wenye uzoefu, hasa ndugu zetu wa Naivasha na Nakuru, katika jambo ambalo huku kwetu Rungwe limekuwa likijadiliwa sana kwenye mikutano ya vijiji: utafiti wa jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi linaloweza kuzalisha umeme.

Tangu 2013 serikali yetu ina Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania, TGDC, iliyo chini ya TANESCO. Katika miradi yake mitano ya kipaumbele, mitatu iko ukanda wetu, yaani Ngozi, Kiejo-Mbaka na Songwe, na miwili iliyobaki ni Luhoi na Natron. Fedha zinazotumika ni za umma, pamoja na ruzuku zinazopitia ule mfuko wa Umoja wa Afrika wa kupunguza hasara ya uchorongaji, yaani kutoboa visima vya utafiti. Wataalamu wameshapita na vipimo vya jiolojia, jiofizikia na jiokemia, na Kiejo-Mbaka visima vifupi vya kupima joto vimekwisha kuchorongwa. Mimi naliunga mkono jambo hili kwa moyo wote, kwa sababu joto lililo chini ya ardhi yetu halitegemei mvua wala mafuta ya kuagiza kutoka nje, na nchi inayotaka umeme safi haina sababu ya kuliacha lilale.

Kinachonisumbua ni matarajio. Vijana wakisikia kwamba ni mradi wa serikali huanza kuhesabu ajira, na viongozi wanapopanda jukwaani hutaja megawati na ajira kwa pamoja, kana kwamba ya kwanza lazima izae ya pili. Nataka kufahamu kwa wale walioona mambo haya kwa macho yao: serikali inapotoa fedha za utafiti wa teknolojia kama hii, ni kazi gani hasa hubaki katika mkoa, ni zipi hupita na mitambo ya kuchoronga, na wananchi wanapaswa kudai nini wakati huu ambapo bado tuko kwenye utafiti? Nina hofu kwamba tukisubiri mpaka mtambo wa umeme uzinduliwe, mambo yote yatakuwa yamekwisha kuamuliwa bila sisi.

Fundi wa Visima, Nakuru

Ndugu wa Tukuyu, umeuliza mapema, na hilo ni jambo jema sana. Nimefanya kazi ya uchimbaji wa visima vya mvuke wa jotoardhi kwa miaka mingi, katika maeneo yetu ya Kenya ya Olkaria, karibu na Naivasha, na baadaye Menengai, Nakuru, kwa hiyo nitaeleza jinsi kazi inavyokuja na jinsi inavyoondoka.

Kwanza ni vyema wananchi waelewe kwa nini ni lazima serikali itangulize fedha zake. Kisima cha mvuke huenda chini kilomita mbili hadi tatu, na kimoja tu hugharimu mamilioni ya dola. Kabla ya kukichimba, hakuna mtu anayeweza kuapa kwamba chini kuna joto la kutosha, na hata joto likiwepo, mwamba unaweza kuwa hauna nyufa za kupitisha maji. Mwekezaji binafsi anaogopa hatua hiyo, na benki hazikopeshi kwa kitu ambacho hakijaonekana. Hapa Kenya visima viwili vya kwanza vilichimbwa Olkaria katika miaka ya 1950, havikutoa mvuke wa kutosha, na kazi ikalala. Utafiti ulirudiwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, na mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kufanya kazi 1981. Hiyo ni takriban miaka 25 tangu kisima cha kwanza. Mwaka 2008 serikali iliunda kampuni ya GDC kwa kusudi hilo hilo la kubeba hasara ya utafutaji, ili mwekezaji aje akikuta mvuke umekwisha kupatikana. Leo nchi ina zaidi ya megawati 900 za mvuke, na zaidi ya asilimia 40 ya umeme tunaozalisha hutoka huko. Bila kodi ya mwananchi kutangulia, hayo yasingekuwepo.

Sasa nije kwenye kazi. Kipindi cha uchimbaji na ujenzi ndicho chenye watu wengi: vibarua wa kusawazisha viwanja vya visima, madereva, wachomeleaji, wapishi, walinzi, waendesha mashine nzito, waashi. Mtambo wa kuchimba hausimami usiku wala mchana, kwa hiyo watu hupokezana zamu, na kila zamu inahitaji chakula, usafiri na malazi. Wenye nyumba za kupangisha, wenye hoteli ndogo na wenye malori hufaidika wakati huo. Lakini visima vikikamilika mtambo huhamishwa, na kituo cha umeme kikishajengwa huendeshwa na watu wachache walioketi mbele ya skrini katika chumba cha udhibiti, pamoja na mafundi wa matengenezo. Kijana aliyeajiriwa kuchimba mitaro hatapata nafasi humo kama hakusomeshwa njiani.

Kazi iliyodumu kwetu ni ile iliyotokana na ujuzi. Tangu 1979 Iceland ilikuwa ikiendesha mafunzo ya miezi sita ya jotoardhi chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, na Kenya ni nchi iliyopeleka wanafunzi wengi kuliko nyingine. Waliorudi waliwafundisha wenzao kazini, kozi fupi zikaanza kutolewa hapa Naivasha kuanzia 2005, na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kule Nyeri kikaanzisha taasisi yake ya mafunzo na utafiti wa jotoardhi. Matokeo yake ni kwamba kuanzia 2019 KenGen, kampuni ya Kenya ya kuzalisha umeme, ilipata mikataba ya kuchimba visima nchini Ethiopia, na baadaye Djibouti. Wale mafundi wanaovuka mpaka wanapata mishahara yao kwa sababu ya fedha za utafiti zilizotumika miaka 30 au 40 iliyopita. Kwa hiyo ningekuwa Mbeya, swali langu la kwanza lingekuwa ni vijana wangapi wa mkoa wanasomeshwa sasa hivi, na wanasomeshwa kazi gani, maana cheti cha uchomeleaji wa mabomba ya shinikizo kubwa hakipatikani kwa mwezi mmoja.

Mchambuzi wa Bajeti, Dodoma

Namshukuru Fundi kwa maelezo yake, ila naomba nipingane na mwelekeo wa swali lenyewe. Fedha za utafiti zina kazi moja, nayo ni kupunguza kutojua. Tukianza kuzipima kwa idadi ya ajira za mkoa, tutawalazimisha wataalamu kuchagua mahali pa kuchoronga kwa kuangalia siasa, ilhali wanapaswa kuangalia mwamba. Kisima kilichochorongwa kwa uangalifu kikaonekana hakina mvuke ni matokeo halali ya utafiti, kwa sababu kimeokoa fedha ambazo zingepotea kwenye mtambo usio na chanzo. Lakini mbele ya mwananchi aliyeahidiwa ajira, kisima hicho hicho kitaonekana kuwa ni ubadhirifu, na mbunge wake atasimama bungeni kudai maelezo. Nchi ikizoea kuwaadhibu watafiti kwa kuleta jibu la hapana, haitapata tena jibu la kweli.

Jambo la pili ni soko. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji peke yake lina uwezo wa megawati 2,115, kwa hiyo yeyote anayetaka Ngozi iendelee hana budi kueleza kwa nini umeme wake ununuliwe. Maelezo yapo, nami nayakubali: mvuke hautetereki wakati wa kiangazi, Mbeya iko mbali na vituo vikubwa, na umeme unaozalishwa karibu na mtumiaji hupunguza upotevu njiani. Hata hivyo tazameni Menengai aliyoitaja ndugu yetu. Uchimbaji ulianza 2011, serikali ikatumia fedha nyingi kutafuta mvuke, na mtambo wa kwanza wa mwekezaji binafsi, wa megawati 35, ulianza kuzalisha 2023. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho mvuke ulikuwa umekwisha kupatikana, na kilichokuwa kikisubiriwa ni mikataba ya kununua umeme, dhamana na mikopo. Ajira zilizotarajiwa Nakuru zilisubiri karatasi. Ndiyo maana nasema kwamba anayejali ajira za mkoa angeuliza kwanza kuhusu mkataba wa mauziano ya umeme, kisha ndipo aulize kuhusu vibarua.

Mwalimu, Naivasha

Kaka wa Dodoma, hoja yako ya kuwalinda watafiti ni nzuri na naikubali. Ila naomba usilitenge suala la wananchi kana kwamba linaingia baada ya sayansi kukamilika. Mtambo wa kuchimba hauteremki kutoka angani, hupita katika ardhi ya mtu.

Mimi naishi Naivasha na nimefundisha watoto wa jamii ya Wamaasai waliohamishwa kupisha kituo cha umeme cha Olkaria IV. Mwaka 2014 familia hizo zilipelekwa katika makazi mapya yanayoitwa RAPland. Walijengewa nyumba, shule na zahanati, na kwa mtu anayepita barabarani yote yanaonekana mazuri. Lakini wafugaji walilalamika kuhusu ubovu wa barabara, mabonde yanayokatiza ardhi waliyopewa, umbali kutoka mahali walipokuwa wakipata kipato kwa watalii, na hati ya ardhi iliyochelewa. Kwa kuwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya zilikuwa miongoni mwa wafadhili, malalamiko yalipelekwa kwenye vyombo vya ukaguzi vya benki hizo, na ilibidi kuwe na usuluhishi ambao ulizaa makubaliano. Mengi kati ya yaliyokubaliwa hapo yangeweza kuandikwa miaka kadhaa kabla, wakati wataalamu walipokuwa bado wanapima.

Kuna kitu kimoja ambacho Kenya imekiweka katika sheria, na ningependa Watanzania wakitazame. Sheria ya Nishati ya 2019 inamtaka mwenye leseni ya mvuke alipe mrabaha, yaani malipo ya kutumia rasilimali, wa asilimia 1 hadi 2.5 ya thamani ya nishati katika miaka 10 ya mwanzo, na asilimia 2 hadi 5 baada ya hapo. Fedha hizo hugawanywa hivi: asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 5 kwa jamii ya mahali hapo. Asilimia 5 inaonekana kuwa ndogo, na mimi naona ni ndogo kweli kwa watu walioacha malisho yao. Hata hivyo ni haki iliyoandikwa, na mtu anaweza kuidai mahakamani, jambo ambalo haliwezekani kwa ahadi ya mkutanoni.

Nataka pia kuongeza habari ya Baringo, kwa sababu huko faida ilifika kabla ya umeme. GDC ilipokwenda kuchimba Paka, Korosi na Silali, haikukuta barabara wala maji, na uchimbaji unahitaji maji mengi mno. Ikabidi zijengwe barabara za zaidi ya kilomita 100 na mfumo wa kusukuma maji kutoka Ziwa Baringo, na vituo vya kuchotea maji vikawekwa njiani kwa ajili ya watu na mifugo. Katika eneo kavu kama lile, mama ambaye hakuwa na bomba karibu naye anaweza kukueleza thamani ya mradi hata kabla ya megawati ya kwanza. Nyinyi wa Rungwe mna mvua nyingi, kwa hiyo manufaa yenu yatakuwa ya namna nyingine, lakini kanuni ni ile ile: miundombinu ya utafiti ipangwe tangu mwanzo ili itumiwe na watu pia.

Mkazi wa Tukuyu

Nawashukuru sana. Ndugu wa Dodoma, sitaki watafiti wetu wasukumwe na siasa, na nakubali kwamba kisima kisicho na mvuke kinaweza kuwa matokeo halali. Hata hivyo, kama jibu la hapana lina heshima yake, basi wananchi waambiwe hivyo waziwazi tangu mwanzo, na asiwepo kiongozi wa kuwaahidi vinginevyo.

Mwalimu amenifanya nifikirie kuhusu kile tulicho nacho. Wilaya yetu inalima chai, parachichi, ndizi na viazi, na ina wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa. Viwanda vya chai hukausha majani kwa kuni, na mahitaji hayo ya kuni ni makubwa. Chini yetu, Kyela, wakulima wa kakao huhangaika kukausha mbegu kwa jua wakati wa mvua ndefu, na mbegu zikipata ukungu bei huanguka. Je, joto la ardhini linaweza kutumika moja kwa moja katika kazi hizi bila kugeuzwa kwanza kuwa umeme? Na je, kisima ambacho joto lake halitoshi kuendesha mtambo wa umeme kina thamani yoyote?

Fundi wa Visima, Nakuru

Hapa ndugu yangu umefika kwenye jambo ambalo kwetu Kenya tulilichelewesha, na ambalo naamini ndilo lenye ajira nyingi zaidi kwa mkoa wa wakulima.

Ndiyo, inawezekana, na mifano ipo. Karibu na Olkaria, shamba la maua la Oserian lilikodi kisima ambacho hakikufaa kwa umeme, likatumia joto lake kupasha vitalu nyumba vya takriban hekta 50. Naivasha usiku ni baridi na unyevu hupanda, na unyevu huleta kuvu kwenye waridi. Joto hilo lilipunguza unyevu, dawa za kuua kuvu zikapungua pia, na hewa ya ukaa iliyotoka kisimani ikatumika kukuza maua. Kisima hicho kinajibu swali lako la pili. Menengai nako GDC ilijenga vituo vya mfano vinavyotumia joto la kisima: cha kuchemshia maziwa ili kuua vijidudu, kitalu nyumba, mabwawa ya samaki na sehemu ya kufulia nguo. Vilikuwa vidogo, lakini vilionyesha kwamba inawezekana.

Kwa shughuli zenu, angalieni kiwango cha joto kinachohitajika. Maziwa yanahitaji nyuzi 72 kwa sekunde 15. Kakao haitaki zaidi ya nyuzi 60, kwa sababu ikikaushwa kwa joto kali huharibika ladha. Kunyausha majani ya chai hakuhitaji joto kubwa, wakati kukausha kunahitaji hewa ya nyuzi karibu 100. Maji ya moto yasiyofaa kabisa kwa mtambo mkubwa wa umeme yanaweza kutosheleza sehemu kubwa ya kazi hizo, na kila moja ina watu wanaopokea, wanaopima, wanaofungasha na wanaosafirisha. Hapo ndipo ajira hukaa mwaka hadi mwaka, mikononi mwa watu wasiohitaji shahada ya uhandisi.

Kikwazo ni umbali. Umeme husafiri kwa waya nchi nzima, lakini maji ya moto yanahitaji bomba lililofunikwa vizuri, na bomba ni ghali. Iceland husafirisha maji ya moto kutoka Nesjavellir hadi Reykjavik kwa bomba la kilomita 27, lakini hiyo ni huduma ya mji mkuu wenye wateja maelfu kwa maelfu. Kwa kiwanda kimoja cha chai au chama cha ushirika cha kakao, kisima kinapaswa kuwa karibu, kilomita chache tu. Kwa hiyo suala la mahali kisima kinapochorongwa linakuhusuni moja kwa moja. Wala sisemi wataalamu waache mwamba wafuate kiwanda. Ninachosema ni kwamba pale wanapokuwa na sehemu mbili zenye matumaini yanayolingana, ukaribu na wakulima uhesabiwe katika uamuzi.

Mchambuzi wa Bajeti, Dodoma

Hoja hii ya matumizi ya moja kwa moja imenishawishi kuliko ile ya vibarua, kwa sababu inaondoa utegemezi wa mkataba mmoja na mnunuzi mmoja wa umeme. Naongeza tu upande wa fedha. Bomba la kupeleka joto kwa wakulima si utafiti, ni uwekezaji, na likiachwa ndani ya bajeti ya TGDC litakuwa la kwanza kukatwa mwaka wa upungufu. Halmashauri za Rungwe, Busokelo na Kyela zinaweza kuliingiza katika mipango yao, na vyama vya ushirika vinaweza kukopa kwa dhamana ya mauzo ya kakao na chai, mradi wawe na takwimu za kisima mkononi. Utafiti uliogharimiwa na umma unapaswa kutoa takwimu zinazosomeka na umma. Hilo ni dai ambalo mkazi wa Tukuyu anaweza kulipeleka hata kesho, bila kusubiri mwekezaji wala uzinduzi.

Mkazi wa Tukuyu

Nimepata la kupeleka. Diwani wetu ameahidi kuwaalika wataalamu wa mradi kwenye kikao cha kata. Fundi, nikipewa nafasi ya kuuliza maswali machache tu, niulize yapi?

Fundi wa Visima, Nakuru

Uliza kila kisima kilichochorongwa kina nyuzi ngapi za joto katika kina gani, na kinatoa lita ngapi kwa sekunde, kwa sababu joto bila mtiririko halipashi kitu. Uliza maji yake yana chumvi na madini gani, maana maji yenye madini ya silika kwa wingi huacha magamba ndani ya mabomba na kuyaziba, na kiwanda cha chakula hakiwezi kuyatumia bila kifaa cha kubadilishana joto. Uliza kisima kisichofaa kwa umeme kitafukiwa au kitaachwa wazi kwa matumizi mengine, na nani ana mamlaka ya kuamua hivyo. Kisha uliza kama mkataba wa mkandarasi wa uchorongaji una kifungu kinachomlazimu kuchukua wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya mkoa kwenye zamu zake, na kama zabuni hiyo bado haijatangazwa, omba kifungu hicho kiingizwe. Mkandarasi akishasaini, kila kijana atakayeongezwa atakuwa ni gharama ya ziada kwake, naye ataikataa.

Mkiyapata majibu ya nyuzi na lita, yaweke hapa jamvini. Nitawaomba wenzangu waliojenga mfumo wa maziwa wa Menengai wayapitie, ili tujue kama kakao ya Kyela inaweza kukaushwa kwa kisima mlicho nacho au mnahitaji kingine.